Herufi ya Pili

Saa kumi na mbili asubuhi, Szeged, Februari.
Mto Tisza umejifunika ukungu hadi shingoni,
nami nafungua kiatamizi kwa kiwiko
maana mikono imebeba sahani kumi na nane.

Jana niliwalaza bakteria juu ya agari.
Leo wameamka vitone vya buluu,
buluu, buluu, buluu,
kana kwamba mtu kakung'uta kalamu kwa hasira.
Ila kimoja.
Sahani ya saba, karibu na ukingo:
cheupe kama jino la mtoto.

"Jeni imekufa," akasema Zsombor, mwanafunzi wetu,
ambaye bado hudhani kila kimya ni msiba.
Nikamwambia inua sahani dirishani.
Akaona: buluu kidogo mno,
kama maji yaliyosuuza kikombe cha wino.

Tukazisoma herufi zake, moja moja.
Jeni ilikuwa nzima. Elfu tatu na ushee,
hakuna hata moja iliyoteleza.
Kosa lilikuwa nje, kizingitini,
kwenye promota,
penye herufi sita zisizojenga chochote,
zisizo na protini wala utamu,
kazi yake kusema tu: anzia hapa.
T, A, T, ndivyo zilivyopaswa kuanza.
Ya pili imegeuka G.
Basi.

Polimerasi huja akiupapasa uzi gizani
kama mgeni atafutaye swichi nyumba ya watu.
Mguu mmoja huku, mguu mwingine kule,
herufi kumi na saba katikati, na hataki mzaha.
Asipopata pa kukanyaga vizuri, hupita.
Mara moja katika mia, labda, hufungua.

Baba yangu, Ödön, alikuwa mpanga herufi
katika kiwanda cha chapa nyuma ya kituo cha reli.
Alisoma kinyume, vidole vyeusi kwa risasi.
Alisema kosa ndani ya habari watu hulicheka,
kosa kwenye kichwa cha habari hulipiwa.
Siku moja kichwa kimoja kikateleza.
Sijui ni herufi gani.
Walimchukua Jumanne.
Akarudi baada ya miezi kumi na minne,
maneno yote yamo ndani, mazima,
tuliyaona yakipita machoni,
lakini kile kisemacho anzia hapa
kilikuwa kimeguswa.
"Chumvi," angesema mezani.
Siku nyingine, "asante."

Zsombor alitaka kukitupa kitone kile.
Nikakificha, nikakihamishia
kwenye sahani zisizo na chakula ila sukari ya maziwa:
fungua au ufe njaa.
Wiki moja, hakuna kitu. Wiki mbili.
Siku ya kumi na tisa, nukta ya buluu.

Nilidhani A imerudi mahali pake.
Haikurudi. G ilikuwa bado G, imekaa kwa kiburi.
Iliyogeuka ni herufi nyingine, hatua chache kando,
na sita zilizokuwa makapi tu
zikawa mlango.
Tena mlango wa kelele! Buluu kuliko mababu zake,
hata hukua polepole, maskini,
anajimaliza kwa kupika asichoweza kula.

Baba alipofika miaka sabini
alianza kuongea na miche ya paprika kibarazani.
Saa nzima, saa mbili, bila nukta:
bei za karatasi, majina ya wafungwa,
mbwa fulani aliyempenda akiwa mdogo.
Sisi hakutuambia neno.
Mama alisimama nyuma ya pazia, sufuria mkononi,
supu ikipoa.

Nimeandika kwenye kifuniko cha kichupa: 7-19-Ö.
Kesho kitaingia barafuni na wenzake.
Zsombor akauliza, Ö ni ya nini?
Nilikuwa na jibu refu, limesimama tayari kooni.
"Chumvi," nikamwambia,
nikinyoosha mkono kuelekea mizani,
"nipe ile chupa ya chumvi, tuna mchuzi wa kupika."